Kigae Namba 41

Jumatatu, 8 Januari
Miezi kumi na siku nne tangu niondoke nyumbani Longxi. Baridi ya Hefei inaingia mpaka kwenye meno. Leo nimeingia mara tatu tumboni mwa mashine, ile ya watafiti inayowasha moto kama wa jua. Mimi ndiye mfupi kuliko wote, basi kona za chini ni zangu. Magoti yamevimba. Tunang'oa vigae vya tungsteni sakafuni, pale moto unapopiga zaidi. Metali ngumu hivyo, lakini imelika kama kisigino cha kiatu changu.

Tiketi za treni zimepatikana! Sote sita, tarehe 3 Februari. Fundi Qiao, msimamizi wetu, alibonyeza simu tangu alfajiri. Binti yangu Suling anaolewa siku ya sita ya mwaka mpya wetu wa Kichina, yaani tarehe 15 Februari.

Jumatano, 10 Januari
Kigae namba 41 kilikuwa na ukoko mweusi, kama sufuria ya mtu asiye na mke. Nikakimwagia spiriti, nikasugua kwa kitambaa mpaka nikaona uso wangu. Dakika ishirini. Nilikofunzwa kazi, kumkabidhi mtu kitu kichafu ni kumtukana.

Qiao akapita: "Fu, unakiposa hicho?" Wakacheka wote. Nikakifunga kwenye karatasi ya alumini, nikaandika namba.

Ijumaa, 12 Januari
Injinia Kezhen alikula tambi mezani kwetu. Alieleza anachotafuta. Moto unang'oa tungsteni chembe kwa chembe. Nyingine zinaanguka palepale na kuganda, ndio ule ukoko. Nyingine zinatoroka hadi katikati ya moto, na zikifika huko, hata kidogo, moto unapoa na kufa. Yeye anapima ukoko ajue ngapi zilirudi. Anakingoja 41 hasa. Alikipachika kwa mkono wake miaka miwili iliyopita.

Qiao alinitazama. Mimi nikatazama bakuli.

Jumamosi, 13 Januari
Qiao alinishika ngazini. "Funga mdomo, mdogo wangu. Ukisema, tutarudi ndani kutoa pacha wa 41, kigae cha upande wa pili, kule nyuma ya mabomba. Wiki nne hizo! Na tiketi je?"
Nikamuuliza, na yeye Injinia ataandika nini?
"Ataandika alichokiona."
Hapo ndipo penye shida.

Jumanne, 16 Januari
Amepima. Hakuna ukoko hata chembe. Anasema basi metali yote ilitorokea katikati, na sakafu nzima ichorwe upya. Macho mekundu. Akauliza kama kuna aliyekigusa 41. Wenzangu wakaendelea kupanga vigae. Mimi pia.

Akanigeukia: "Asante, Kaka Fu. Chako ndicho kilichofungwa vizuri kuliko vyote."



Jumatano, 17 Januari
Nimesema.

Injinia hakupiga kelele. Alikaa. Akauliza kitambaa kiko wapi. Nikamwambia kilitupwa, takataka zilishachomwa. Akaziba uso kwa viganja, kisha akauliza nani mwingine anapenya hadi kwa yule pacha, aliyepigwa na moto uleule. Hakuna. Ni mimi tu.

Wanne wataondoka na tiketi zao. Lakini haingii mtu mle bila mwenye kibali kusimama mlangoni na kumwita kwa jina kila baada ya dakika tano. Mwenye kibali ni Qiao peke yake. Tiketi mbili zimerudishwa.

Jioni nilimsogezea Qiao nafasi kwenye benchi. Akala amesimama.

Ijumaa, 19 Januari
Siku ya kwanza nyuma ya mabomba. Nalala ubavu, mkono mmoja tu unafika. Nimepigwa marufuku kubeba kitambaa. Qiao ananiita kutoka mlangoni: "Fu." Naitika. Dakika tano. "Fu." Hakuna utani tena.

Mchana mke wangu alipiga simu. Suling anauliza baba yake atainywa chai ya harusi, ile bibi harusi anayowapa wazazi, au yeye aimimine mbele ya kiti kitupu. Nikamwambia kiti kisitolewe.

Injinia anasema tukienda vizuri, kazi itaisha tarehe 13. Safari ni usiku na mchana, na siku hizo hakuna tiketi ila za kusimama. Boliti zinazokishika kigae ziko nne. Ya kwanza imekatika kichwa leo, kipande kimebaki ndani.

Nimemwandikia mke wangu: nitegemeeni tarehe 15, asubuhi.