Ukurasa wa Bibi Manyunyu

Jumamosi, saa kumi na moja jioni. Mvua ya mawe imepiga Kiptere tangu saa nane, na majani chai nyuma ya nyumba yangu yamechanika vibaya. Nimevua viatu vya matope, nimechemsha chai, lakini haishuki. Kuna jambo nataka kulikiri hapa.

Mnajua niliandika kijitabu cha watoto, maana nilijigamba sana kwenye blogu hii. Kurasa ishirini, zilizochapishwa kwenye saiba, duka la kompyuta, pale Sosiot na kubanwa pini kwa mikono yangu mwenyewe. Ndani kuna mjomba anayejamba kanisani wakati wa maombi. Kuna mtoto mwenye makamasi marefu mpaka kuku wanamfuata. Ni uchafu mtupu, na niliuandika makusudi. Wanafunzi wangu wa gredi ya nne walikuwa wakikiona kitabu cha Kiswahili kama dawa chungu. Nilipowasomea habari za mjomba, darasa zima lilipasuka kwa kicheko, kisha wakaanza kunyang'anyana nakala ili wasome wenyewe.

Aliyenitia kiburi zaidi ni Chelangat. Ana miaka kumi, na tangu mwaka uanze hakuwahi kusoma sentensi mbili mfululizo mbele ya wenzake. Siku hiyo alisimama akasoma ukurasa mzima bila kukwama. Nilitoka nje nikajifanya natafuta chaki, kumbe nalia.

Ukurasa wenyewe ulikuwa wa Bibi Manyunyu.

Bibi Manyunyu ni ajuza asiye na meno ambaye humtemea mate ya baraka kila anayemtembelea. Wajukuu wake wanamwendea wakiwa wamevaa makoti ya mvua. Watoto walicheka mpaka wakashika mbavu, nami nikacheka nao.

Jumatatu Chelangat anaenda hospitali kutolewa tonsili. Kwa hiyo juzi Alhamisi familia ilikusanyika kwa nyanya yake, ambaye kila mtu hapa humwita Kogo, ili ambariki kabla ya kisu. Kogo alimimina mursik, yale maziwa ya mgando ya kwenye kibuyu yanayotiwa mkaa, akapiga funda dogo, akamtemea mjukuu wake kifuani kama alivyowatemea watoto wake wote. Chelangat akaruka nyuma. Akajifuta kwa mkono wa sweta, akapaza sauti: "Bibi Manyunyu!"

Binamu zake wameshasoma kijitabu. Wakaangua kicheko. Kogo akarudisha kibuyu mahali pake, akaingia ndani akafunga mlango.

Haya nilisimuliwa jana na Mama Chelangat pale kituo cha kupimia majani, kikapu bado kiko mgongoni. Hakunigombeza, na afadhali angenigombeza. "Teacher, mtoto ako sawa. Ni Kogo. Hajakula kitu tangu hiyo siku. Anasema kama mtoto hataki, aende tu hivyo. Halafu anaogopa, analia."

Nimewaza usiku na mchana nilikotoa ule mzaha, na jibu linanitia aibu. Niliutoa kwetu, Sotik. Kila nilipoondoka kwenda chuo, Cucu wangu, yaani nyanya, alitema mate kidogo kiganjani, akanipaka, akinitakia mema kwa Kikikuyu. Nami nilikuwa nikifika nyuma ya nyumba, najifuta kwa majani ya ndizi. Nilijifuta kila muhula. Alikufa bila kujua.

Kwa hiyo sikumwonea Kogo kwa kutojua mila zake. Nilijua kabisa nacheka nini.

Leo asubuhi nimeenda kumwomba msamaha, na sukari kilo mbili na kijitabu mkobani. Nilimkuta ameketi sebuleni, amejifunika leso. Chelangat alikuwa amesimama kwenye mlango wa jikoni, haniangalii; mama yake alikuwa ndani akiosha vyombo. Kogo hajui kusoma. Akaniamuru nimsomee chote, mwanzo mpaka mwisho, nisiruke kitu.

Nilipofika kwa mjomba wa kanisani, Kogo alicheka mpaka leso ikaanguka. "Hii ni ukweli, mwalimu! Mzee yangu alikuwa nafanya hivyo, halafu naangalia mbwa!" Makamasi na kuku pia aliyapenda. Nikadhani nimepona. Kisha nikafika kwa Bibi Manyunyu na Kogo akaacha kucheka, nami nikaendelea kusoma vichekesho vyangu mwenyewe, kimoja baada ya kingine. Sijawahi kusoma kitu kirefu namna ile.

Kogo akasema polepole, "Tumbo ni ya kila mtu, tunacheka. Lakini hii mate ilikuwa ya mtoto yangu."

Nilimwomba msamaha. Aliinuka, akachukua kibuyu, akapiga funda, akaniita kwa mkono nisogee. Mimi, si Chelangat. Nikasogea.

Nikafumba macho na kugeuza shavu.

Sikupanga. Nina miaka thelathini na minane na nilikuwa nimekuja kutubu, lakini mwili wangu ulikataa mbele ya mtoto niliyemfundisha kukataa. Nilipofumbua macho, Kogo alikuwa amesimama pale pale, mashavu yamejaa, hajui ateme au ameze.

"Teacher, si hivyo," Chelangat akasema. Alikuwa ameshafika ubavuni mwangu. "Macho unafungua. Mikono unaweka hivi." Akakunjua viganja vyake mbele ya nyanya yake, kunionyesha.

Kogo akatema. Mengi yalimwangukia Chelangat, machache yakanirukia mkononi. Chelangat hakujifuta. Aliyachukua kwa vidole akayapaka kooni, pande zote mbili, pale daktari atakapomtibu. Kogo alilia waziwazi, nami nikalia, na Mama Chelangat akaenda kusonga ugali kwa sababu Kogo alikuwa ameomba chakula.

Kogo hakuniambia niufute ukurasa ule. Nimeuandika upya mvua ikinyesha. Bibi yumo bado, na mate yake yamo, mengi kuliko mwanzo. Aliyevaa koti la mvua sasa ni mwalimu mmoja mwoga, anayekimbia kuzunguka boma huku mtoto wa gredi ya nne akimvuta mkono arudi.

Kesho baada ya kanisa nitampelekea Kogo ukurasa huo nimsomee yeye kwanza. Asipocheka, darasa langu halitausikia.