Sahani ya Makapi ya Miwa

Mjukuu wangu Rehema,

Marahaba. Hapa Dunda hatujambo. Mama yako yuko Kiwangwa anapalilia mananasi. Mimi ndiye nisiyetulia tangu uliponiuliza kama sahani mnazotengeneza huko Morogoro kwa makapi ya miwa zitafaa kwenye hitima ya babu yako. Barua hii nimeianza mara tatu. Nimekwenda hadi kwa muuza juisi ya miwa, nikayafinya makapi yake, nikarudi vilevile, sijui kama zitafaa au la.

Nilipokuwa msichana, kwenye hitima moja Miono, shangazi alinipa majani ya mgomba ya kupakulia wali, akaniambia niyababue kwanza motoni yalainike. Nikaona ananichelewesha. Nikayatandika mabichi, yanang'aa. Wali na mchuzi wa moto vilipotua yakachanika, wazee wakawa wanaokota punje mkekani. Shangazi hakunigombeza. Alinikalisha mbele ya jani lililochanika kuliko yote, akasema, "Haya, kula."

Basi wewe kula kwanza kwenye sahani yenu hiyo, kwa mkono, polepole kama wazee wetu, mpaka mchuzi upoe. Halafu niletee moja nami nile. Mchele nimeshauchambua.

Bibi yako