Salamu Katikati ya Baruti

Mjukuu wangu Rehema, u hali gani huko Sudbury?

Hapa mtaani Flemingdon tu wazima. Mama yako amepata zamu ya mchana kazini kule Malton, kwa hiyo chakula cha jioni tunakula pamoja.

Umeniuliza ununue mashine gani ya kujazia risasi za shabaha. Chukua ile ya hatua moja, inayofanya kazi moja tu kila ukivuta mkono wake, ya chuma kizito, mkono wake usiwe unachezacheza. Ifute kila ukimaliza, na tone la mafuta linatosha.

Ni ya polepole, najua. Nilipokuwa kijana kwenye karakana ya bunduki Arusha, siku moja nilikuwa natia baruti kwenye maganda ya risasi, akaingia mzee jirani. Nikaacha kazi, nikamwamkia, tukaulizana habari za nyumbani mpaka za ng'ombe. Niliporudi, ganda moja nikalitia baruti mara ya pili, na baruti maradufu hupasua bunduki mkononi. Fundi wangu aliyamulika yote kwa tochi kabla hatujayaziba, akaliona limejaa kuliko mengine. Akayamwaga yote.

"Salamu ni haki yake," akaniambia, "lakini ukirudi, anza upya."

Siku hizi mzee ni mimi, na salamu zangu unazijua zilivyo ndefu. Nikikupigia simu ukiwa kwenye mashine, usipokee.

Babu yako