Jikoni ni Kiswahili Tu

Jumatatu, 6 Oktoba 2003

Hesabu za nusu na robo, kwa chapati. Mwakio amekula robo mbili kabla hajajibu swali. Ana miaka sita na tumbo la mzee wa kanisa. Dada yake Wakesho ndiye aliyesukuma zote, akazikata, akamsahihisha kwa Kiingereza. Miaka kumi tu, na chapati zake ni za duara kuliko zangu. Kupika na kufundisha kwa pamoja nilijifunza kwa kikundi cha Alhamisi, sisi akina mama tunaosomesha watoto nyumbani. Bila hiyo mbinu ningekuwa nimeshapata wazimu.

Habari njema: Mama amepata viza. Anakuja mwishoni mwa Novemba. Nimelia, unga mikononi.

Habari mbaya ni ya jana. Nilimpa Wakesho simu amsalimie nyanya yake. Akajibu "Fine, Grandma," akanirudishia simu kama kaa la moto. Mama hajui Kiingereza. Akaniuliza kama anakuja kukaa na wajukuu au na picha zao. 

Mtoto huyu alishuka ndege na Kiswahili chote mdomoni. Shuleni hapa Katy, Texas, wakamcheka, akawa anarudi nyumbani bubu. Ndiyo sababu nikamtoa. Nyumbani akaanza kuongea tena. Kiingereza kitupu, lakini anaongea, tena haishiwi maswali. Kiswahili anakisikia vizuri sana, kukisema ndiyo hataki. Mwakio hata Voi kwetu haikumbuki.

Nataka Mama akija aongee na wajukuu wake. Sitaki kitu kingine mwaka huu.

Alhamisi, 9 Oktoba

Kikundi kwa Mama Kevo. Sheria yetu ni moja: kila mama aje na mbinu. Mama Furaha, Mkongo wetu wa mtaa wa Sharpstown, alileta ya siki na maji moto kwa sinki inayonuka. Mimi ya maharagwe: chemsha mengi mara moja, gandisha kwa vifuko, wiki nzima somo halikatizwi na sufuria. Wamenisifu kidogo tu.

Mama Kevo ndiye aliyetushinda sote. Nikamweleza shida yangu, akasema dawa anayo. Jikoni ni Kiswahili tu. Sebuleni Kiingereza, chumbani Kiingereza, lakini ukikanyaga vigae vya jikoni, Kiswahili. Ukiomba kwa Kiingereza, hujibiwi, hupewi. Na anayekosea anashika mwiko mpaka mwingine akosee. Akamwita Kevo atuonyeshe. Kevo akasalimia kila mama, "Shikamoo," "Shikamoo," mikono nyuma. Tumepiga makofi. Mama Furaha hakupiga, alikuwa amembeba mtoto.

Mama Kevo anapenda kujisifu, lakini leo sina neno. Naanza kesho.

Ijumaa, 10 Oktoba

Tumeanza. Mwiko nimechagua ule mkubwa wa Mama, niliokuja nao kwenye sanduku tukihamia huku. Ushindwe sasa wewe, lugha ya watu!

Mwakio amefurahi sana. "Mama, naomba juisi. Mama, naomba juisi ingine." Mkora. Wakesho alisahau, akauliza kitu kwa Kiingereza. Sikujibu. Akauliza tena. Nikaendelea kukata kitunguu. Nikamwonyesha mwiko. Akaushika, akacheka kidogo. Mchezo mzuri.

Jumanne, 14 Oktoba

Mwakio amekuwa askari. Anamvizia dada yake. Anaingia jikoni kimya, anamfinya, Wakesho anapiga kelele "Stop it!", basi, mwiko ni wake. Leo amekaa nao asubuhi yote, somo la sayansi, somo la historia, mwiko mapajani. Nilimwambia anaweza kuutoa kwa sentensi moja tu ya Kiswahili. Moja tu! Akaniangalia. Hakusema.

Mkaidi kama baba yake. Lakini na mimi ni mtoto wa Mama. Tutaona nani atachoka.

Alhamisi, 16 Oktoba

Kikundi kwangu. Jiko linang'aa. Siku hizi halina makombo, halina vikombe vimeachwa, hakuna mtu ananikanyaga miguu nikipika. Nimewaambia hivyo, na nimejisifu, kwa nini nisijisifu. Mwakio alisema "Karibuni chai" mpaka Mama Kevo akamkumbatia.

Mama Furaha akauliza kwa kile Kiswahili chake cha Bukavu, "Na ule binti, anakulaka wapi?" Nikamwambia anakula, mbona. Akasema aya. Ameniudhi. Watoto wake mwenyewe wanamjibu Kiingereza na yeye anacheka tu.

Jumapili, 19 Oktoba

Nimetoka shifti hospitalini. Wodi ilijaa. Miguu imevimba. Wakesho alikuwa amelala au anajifanya.

Jumatano, 22 Oktoba

Nimegombana na Baba Wakesho. Mambo yalivyokuwa: alirudi mapema, barabara kuu ya I-10 leo haikuwa na msongamano, akamkuta Wakesho amekaa kwenye zulia nje ya mlango wa jikoni na mwiko. Vigae vinaanzia hapo, na yeye amekaa sentimita chache kabla ya mpaka, kama mtu anasubiri viza. Akamuuliza anafanya nini. Mwakio ndiye aliyeeleza, kwa fahari.

Baba Wakesho akauchukua ule mwiko, akaugeuza, akaniuliza, "Mama Wakesho, umetuletea disk mpaka Texas?"

Nikamwambia wewe huwa barabarani kutwa nzima, mimi ndiye nafundisha, mimi ndiye naosha, mimi ndiye mamangu anakuja asiongeleshwe. Yeye kazi yake ni kurudi na kukosoa. Akasema basi, yaishe. Hayakuisha. Nimekasirika mpaka nimechoma wali.

Disk gani? Huu ni mchezo. Disk ya shingoni ilikuwa ya walimu, shuleni.

Alhamisi, 23 Oktoba

Sijui nianzie wapi.

Kikundi kwa Mama Furaha, Sharpstown. Nyumba ndogo, watoto tele, redio. Amekaanga mikate ile yao ya mafuta, karai zima. Wakesho akala. Akala mingine. Akala amesimama, kwa mikono miwili, haongei, haangalii mtu. Mtoto wangu ambaye huanza kwa kunawa na kusema asante. Akina mama wakaweka vikombe chini. Nikataka sakafu inimeze.

Mama Furaha alinipeleka kando, hakunisema. Aliniambia tu kwamba wiki iliyopita kwangu, Wakesho alimfuata kwenye gari akamuomba biskuti.

Tuliporudi nikaingia chumbani kwa Wakesho. Chini ya kitanda kuna maboksi ya nafaka ya asubuhi, kavu, bila maziwa, maana maziwa yako kwenye friji na friji iko jikoni. Kikombe cha kupigia mswaki ndicho anachonywea maji. Mwakio, askari wangu, ndiye amekuwa akimpelekea mkate ndani ya fulana. Mezani usiku, humo humo jikoni, huchezea chakula tu, na mimi nimekuwa nikisema anaringa.

Mimi ni nesi. Nawauliza wagonjwa kila siku kama wamekula. Nimeshindwa kuona wangu.

Ijumaa, 24 Oktoba

Nimekumbuka disk. Nilijifanya kuisahau lakini naikumbuka hata harufu. Kipande cha ubao, kamba ya katani, jasho la shingo za watu. Ukikutwa unaongea Kitaita au Kiswahili siku ya Kiingereza, unavishwa, unazunguka nayo, na jioni wa mwisho kuwa nayo anachapwa. Mwalimu alisema ni kwa faida yetu. Labda aliamini. Na mimi niliamini.

Nilifanyaje? Nilifunga mdomo. Mwaka mzima darasa la nne sikusema kitu uwanjani. Kiingereza nilikuja kukijua baadaye, kwa vitabu na kwa kupenda. Disk ilinifundisha kunyamaza, basi.

Na mwanangu nimemtoa shule iliyomnyamazisha, nikamleta kwangu, nikamnyamazisha mwenyewe. Kwa mkono wangu. Kwa mwiko wa mamangu. Loo!

Baba Wakesho nimemuomba msamaha. Akasema, "Hata mimi niliivaa." 

Jumamosi, 25 Oktoba

Nimewakalisha watoto sebuleni. Nimesema mchezo umekwisha, jikoni ni pa kila mtu na kila lugha. Nimemwambia Wakesho nimekosa na nisamehe. Kwa Kiswahili, halafu kwa Kiingereza, isije ikawa nimejificha nyuma ya lugha. Akasema "Okay." Mwakio alisikitika, alikuwa anashinda.

Mwiko nilitaka kuutupa. Nimeshindwa. Nimeuweka juu ya friji, nyuma.

Jumatano, 5 Novemba

Wakesho haingii jikoni. Nimepika anachopenda. Nimesema chapati zinamsubiri mtu wa kusukuma. Anasimama pale zulia linapoishia, anapokea sahani, anarudi. Anakula sasa, namshukuru Mungu, lakini maswali yake yote yamekwisha. Zamani nilikuwa namwambia nyamaza kidogo kichwa kinaniuma. Sasa kimya ndicho kinachoniuma.

Mama Kevo amenipigia kuuliza mbinu inaendeleaje. Nilimwambia imekufa na kwangu haifufuki. Akaniambia nimekosa msimamo. Nikamjibu vibaya. Sijuti.

Jumapili, 16 Novemba

Mama kwenye simu. Wakesho amejifungia bafuni mpaka tulipomaliza. Zamani angalau alisema "Fine."

Mama akauliza, mtoto hataki kuniona? Nikamwambia anaoga.

Naogopa Mama kufika. Nilimsubiri kama Krismasi na sasa naogopa.

Jumapili, 23 Novemba

Amefika jana. Amekuwa mdogo, Mama wangu. Koti la kuazima, kiatu cha kanisani, na mfuko wa mbaazi kavu alioupitisha sijui kwa maombi gani. Uwanja wa ndege Mwakio alimrukia. Wakesho alitoa mkono. Mama akaushika, akauangalia, akasema ni mkono wa mtu wa kazi. Wakesho akautoa taratibu, akaenda kwa baba yake.

Mama hakuniuliza kitu. Usiku alisema tu safari ilikuwa ndefu.

Alhamisi, 27 Novemba

Thanksgiving, sikukuu yao ya bata mzinga. Nimeingia shifti ya sikukuu kwa sababu mwenzangu anaumwa. Nimerudi, nimewakuta wote sebuleni. Mama upande mmoja wa kochi, Wakesho upande wa pili, katikati runinga. Wanapendana, nimeona, walikuwa wanaibiana macho. Hakuna aliyejua pa kuanzia. Na aliyewaharibia ni mimi.

Ijumaa, 28 Novemba

Mvua nyepesi. Baba Wakesho yuko nyumbani. Hakuna masomo.

Mama alisema amechoka kulishwa kama mgonjwa, anapika mwenyewe. Kimanga, chakula cha kwetu. Nilikuwa na muhogo wa kwenye frizi, wa duka la Wavietinamu, na maharagwe yangu ya vifuko. Jiko la umeme lilimtisha kidogo, nikamwashia. Wakesho akaja akasimama pale pale pake, vidole vya miguu kwenye ukingo wa zulia, anatazama.

Maharagwe yakaiva, muhogo ukalainika, nikamwaga maji, nikamsogezea Mama sufuria. Mama akataka kunifurahisha, akanyoosha shingo akasema, "Thank you!" Amefundishwa na mhudumu wa ndege. Ndicho Kiingereza chake chote.

Mwakio akaruka. "Nyanya amesema Kiingereza jikoni!" Nikamwambia nyamaza, lakini ameshaburuta kiti, amepanda, ameingiza mkono juu ya friji, kule nyuma, ameshuka na ule mwiko. Akampa nyanya yake kwa mikono miwili, kama hakimu. Nimeganda. Wakesho mlangoni ameganda.

Mama akaupokea. Akaugeuza, akaujua. Akasema, "Aa! Mwiko wangu! Nilikuwa nautafuta. Asante, baba." Akautumbukiza kwenye sufuria, akaanza kuponda.

Wakesho akacheka. Kicheko chote, cha tumboni, mpaka akashika mlango. Mama naye akacheka kwa sababu mtoto anacheka, hajui ni nini. Sufuria ikawa inateleza kwenye jiko. Mama akasema, bila kugeuka, "Wee Wakesho, utacheka mpaka lini? Njoo unishikie, inakimbia."

Akaingia. Alikanyaga vigae kwa soksi, akachukua kitambaa, akashika masikio ya sufuria. Akauliza kwa Kiingereza kwa nini muhogo unanata hivyo. Mama hakuelewa hata neno, akamjibu kwamba maharagwe yaende chini, muhogo uje juu, na ashike kwa nguvu. Akashika kwa nguvu. Akauliza lingine. Mama akajibu lingine. Nilikuwa na mdomo wazi wa kutafsiri, Baba Wakesho akanigusa bega. Nikaufunga.

Kimanga kilikuwa na chumvi nyingi. Tumekimaliza. Wakesho amekula jikoni, amesimama karibu na nyanya yake, na amekaa huko muda mrefu baada ya chakula.

Vyombo nimeosha mimi. Mwiko nimeuweka kwenye droo, pamoja na mingine.