Barabara Niliyoiomba Mwenyewe

Jumamosi, katikati ya Mei. Mvua ya masika imenyesha tangu alfajiri na haina dalili ya kuchoka. Mimi ndiye niliyechoka. Viatu vyangu viko mlangoni vimejaa matope ya Magarini na sina nguvu ya kuviosha.

Naandika nikiwa na hasira, kwa hiyo nisamehewe maneno yakitoka vibaya. Nimejikasirikia mwenyewe kuliko mtu yeyote.

Kwa asiyejua mambo yetu ya Pwani: hapa Malindi mtu anaweza kuwa na nyumba asiwe na ardhi iliyo chini yake. Kuta ni zangu, mabati ni yangu, choo nilichimbisha mimi, lakini kiwanja, kama mtaa mzima, kilikuwa cha mtu mmoja aliyekaa Mombasa. Kila mwaka alimtuma mjumbe kuchukua kodi ya ardhi. Nimeishi hivyo miaka ishirini na miwili, tangu nije kutoka Kitui kufundisha chekechea, na kusema kweli nilishasahau kwamba kiwanja kina mwenyewe.

Kilichotukera ni njia. Masika yakiingia, mtaa wetu ulikatwa na mji kabisa. Tuktuk ziliishia barabara kuu, na dereva akijua unaelekea kwetu alijifanya anapokea simu. Mwaka mmoja mkwe wa Hawe Sidi, jirani yangu mzee (hawe ni bibi kwa Kigiriama), alijifungulia juu ya mkokoteni. Wanaume wanne wanasukuma, mimi nimeshika mwavuli ambao haukumsitiri hata kidogo. Mtoto alipona. Siku ya pili yake nikachukua karatasi za chekechea nikaandika barua ya kuomba barabara.

Miaka minne nilihangaika na barua ile. Ofisi hii inakutuma ofisi ile, na ile inakwambia urudi Jumatatu. Sahihi nilizikusanya nyumba kwa nyumba. Hawe Sidi alikataa mara mbili.

"Mwanangu," aliniambia, "huku tulikojificha si kubaya."

Nilimcheka. Mara ya tatu nilimshika kidole gumba nikakibonyeza kwenye wino mimi mwenyewe, huku nikimtania kwamba siku ya lami yeye ndiye atakayecheza kutushinda wote. Na kweli alicheza.

Lami ilikuja mwaka jana, pamoja na mitaro na taa. Tuktuk zikawa zinafika mlangoni. Watu wakanibandika jina la Mama Lami, nami nikavimba kichwa. Nilikuwa napita sokoni polepole ili niitwe. Nakiri hilo hapa, maana kanisani sijalikiri.

Mwezi wa tatu akaja mtoto wa mwenye ardhi. Babake amefariki, yeye ndiye mrithi. Miaka yote hiyo hatukuwahi kumwona mtu wa familia yao, kwa kuwa hakuna gari ambalo lingefika. Yeye alikuja na gari dogo jeupe, na liliondoka likiwa jeupe vilevile. Kijana ana adabu zake. Alimwamkia Hawe Sidi shikamoo, akanywa chai yangu, kisha akatupa kila nyumba barua ya wakili: tumepewa miezi mitatu tuondoke. Nikamuuliza, na nyumba zetu?

"Nyumba ni zenu, mama," akasema. "Hakuna anayewanyang'anya. Bebeni."

Nyumba yangu ni ya mawe na udongo.

Tulikwenda kwa chifu, tukaenda kwa wakili mmoja anayesaidia watu bure. Wote waliisoma barua na wote wakatupa pole. Hati ni yake na sheria inamtambua yeye. Kiwanja chetu hakikuwa na mtu wa kukitamani mpaka nilipokipelekea lami.

Hakuna jirani aliyenilaumu. Bado wananiita Mama Lami, ila sasa wanalitamka taratibu, bila kucheka. Ningefurahi mmoja wao akinitukana.

Leo mimi na Hawe Sidi tumekwenda kutafuta pa kuhamia. Mjini siku hizi chumba kimoja kinashinda mshahara wangu, kwa hiyo tulielekezwa huko ndani ya Magarini, mashambani. Lami ikaisha, tukapanda bodaboda. Bodaboda ikakwama, tukamalizia kwa miguu, nimemshika Hawe mkono na yeye amepandisha leso hadi magotini. Hakulalamika hata mara moja, na hilo lilinichoma zaidi.

Tulipokewa na mwanamke mmoja kwa jina Dama, mwenye mimba ya miezi saba. Alituonyesha mahali pa kujenga, karibu na kwake. Nikamuuliza ardhi ni ya nani. Akasema ni ya bwana mmoja wa mbali, wanasikia jina tu, hajawahi kuwasumbua.

Nikageuka kuitazama njia tuliyojia.

Kisha Hawe Sidi, kwa nia njema kabisa, akamwambia kwamba mimi ndiye niliyeleta lami mtaani kwetu. Dama akanitafutia kiti, akanikatia dafu, akaketi mbele yangu. Alinieleza kwamba masika yaliyopita jirani yake alishikwa na uchungu usiku, wakambeba kwenye kitanda cha kamba, na hawakufika barabarani. Alikufa na mtoto tumboni. Dama alisimulia hayo mkono wake ukiwa juu ya tumbo lake mwenyewe.

"Mwalimu, tuandikie na sisi," akasema. "Sahihi nitakusanya mimi."

Nikamwambia nitaandika. Hawe Sidi alinitazama, akageuza uso.

Tutahamia huko. Hatuna pengine.

Nimekaa na karatasi tangu saa kumi. Nimeandika jina la kijiji, nimeandika "Mheshimiwa", nikakwama hapo. Barua ya kwanza ilichukua miaka minne. Hii nayo haitawahi uzazi wa Dama, hata kama wakubwa wote wataamka wema kesho. Lami itafika mtoto wake akiwa na miaka minne, anakimbia uani, na nyuma ya lami atafika bwana wa mbali na barua ya wakili. Watavunjiwa, nasi tutavunjiwa tena pamoja nao. Nisipoandika, masika yajayo atabebwa mwingine kwenye kitanda, na nitakuwepo kuwasaidia kubeba.

Mume wa Dama atapita hapa kesho baada ya ibada kuchukua barua. Nimpe nini mkononi?