Mafuta ya Msimu wa Mwisho

Jumanne, 6 Agosti

Mikono ya Mama imezidi. Asubuhi nimemkuta kwenye chumba cha kufulia anajimiminia mafuta viganjani kutoka chupa ya Baba, anayasugua mpaka viwikoni huku amekaza meno. Ngozi nyekundu. Katikati ya vidole imepasuka, inatoa majimaji. Nikamwambia, Mama, hayo mafuta yanakuunguza. Akasema yanaunguza kwa sababu yanafanya kazi.

Jibu hilo nimelisikia tangu utotoni. Kupe — mafuta ya mtichai. Chawa wa shuleni, fangasi za miguu, mdomo wa kaka yangu Darcy alipopigwa na mpira wa kriketi — mafuta ya mtichai. Familia iliyokuwa ikipika mafuta hayo yenyewe, kwa kuyakamua majani ya mti huo kwa mvuke, haiendi dukani kununua dawa ya ngozi. Ingekuwa aibu.

Lakini mikono hii siipendi. Wiki iliyopita ilikuwa viganja tu.

Alhamisi, 8 Agosti

Nimeenda mjini Lismore kumchukulia Mama dawa zake za presha. Nikamweleza mfamasia, Thuy, habari za mikono. Kwa sauti ya chini, maana duka lilijaa watu wanaotujua. Akauliza anapaka nini. Mafuta yetu wenyewe, nikasema. Yana umri gani? Hapo nikaanza kujikanyaga. Baba aliyapika msimu wa mwisho kabla ya mafuriko, kisha mtambo ukaenda na maji, na yeye akafariki mwaka uliofuata. Yanakaa wapi? Dirishani. Chupa ya namna gani? Nyeupe, ile unayoona ndani. Imejaa? Imebaki robo.

Thuy hakunicheka, ingawa alikuwa na haki. Akasema mafuta makali ya majani yakipigwa na jua na hewa huharibika, na yakiharibika ndiyo hasa yanayoichokoza ngozi. Tena hayapakwi matupu. Huchanganywa kidogo sana na mafuta laini ya kawaida, na hujaribiwa kwanza sehemu ndogo ya mkono. Mama aache, aende kwa daktari.

Nimerudi nyumbani najiona mjinga. Baba alikuwa akigomba mtu akiacha pipa wazi hata kwa dakika! Mafuta ya kuuza yalikaa kwenye mapipa ya chuma, penye baridi, na tarehe, na jina la mti kwa Kilatini. Ila yale ya mpiko wa mwisho wa msimu hayauzwi. Ndiyo desturi ya huku kwetu Bungawalbin, kila nyumba hubaki na yake. Na Mama aliyatia kwenye chupa nyeupe na kuyaweka dirishani kwa sababu anapenda rangi yake jua likipita. Kwa wateja tulikuwa wataalamu. Kwetu wenyewe, hovyo kabisa.

Sijamwambia. Nilifungua mdomo, nikajikuta nauliza kama anataka chai.

Jumamosi, 10 Agosti

Nimemwambia, na nimeharibu. Tulikuwa tunakula supu ya maboga. Nikaanza vizuri tu: Thuy anasema hivi, Thuy anasema vile. Mama akaweka kijiko chini.

"Kwa hiyo baba yako ananitia sumu."

Nikasema sijasema hivyo.

"Umesema mafuta yake mabovu."

"Yamezeeka tu, Mama."

"Na mimi nimezeeka. Utanimwaga lini?"

Tukacheka wote wawili, nikadhani yameisha. Akainuka, akaenda chumba cha kufulia. Nikasikia kizibo kinafunguliwa.

Darcy kapiga simu kutoka mgodini anakofanya kazi, nikamlilia. Akasema, dada, mbadilishie tu. Mimina mapya kwenye chupa ileile, bibi kizee hatajua. Ni rahisi kusema ukiwa upande wa pili wa bara. Nimemkasirikia, halafu nimelifikiria jambo hilo jioni nzima.

Jumapili, 11 Agosti

Nimefanya. Naandika haraka, Mama hajarudi kanisani.

Nimekwenda kwa Merv Skene. Ndiye aliyebaki anapika upande huu. Nilimkuta kwenye mvuke, kofia imelowa. Nikasema nataka mafuta mapya, mazuri.

"Binti wa Keith ananunua mafuta kwangu? Ngoja kwanza nikae."

Alinipa chupa nyeusi, tarehe ya kupikwa mwezi huu, jina la mti limeandikwa kamili. Akanisisitizia niiweke kabatini na nikaze kizibo. Akaninusisha — baridi, safi, kama majani uliyoyavunja sasa hivi. Kisha akauliza ya baba yangu siku hizi yananukaje. Nikasema kama tapentaini. Mzaha wote ukamtoka.

"Mwaga, mwanangu," akasema.

Sikuweza kuyamwaga. Nimeyatia kwenye chupa ya kahawia nikayaficha kwenye banda la trekta, nyuma ya makopo ya grisi. Ya Merv yako dirishani kwenye chupa ya Baba. Ukitazama huoni tofauti. Najiona mwizi, na kwa kweli ndivyo nilivyo.

Jumanne, 13 Agosti

Hajasema kitu. Amepaka asubuhi, amepaka jioni, mimi namchungulia. Nadhani wekundu umepungua kidogo. Au natamani upungue, sijui. Jana nilimuuliza anajisikiaje mpaka akasema nimekuwa kama muuguzi anayesubiri bahashishi.

Jumatano, 14 Agosti

Wekundu haukupungua. Umepanda shingoni, masikioni, na kope za jicho la kushoto zimevimba.

Nimempigia Thuy nikamweleza kila kitu. Akasema taratibu kwamba alisema aache, hakusema abadilishe. Mwili ukishayakataa mafuta ya aina hiyo, huyakataa hata yawe mapya, hata yawe mazuri kuliko yote. Kumbe nilisikia nusu niliyoitaka. Nikaenda kumnunulia mama yangu kitu kizuri kabisa cha kumuumiza! Nimejilaani mpaka nimechoka.

Nimechukua chupa dirishani nikaifungia kwenye buti ya gari. Mama ameona dirisha tupu. Ametazama, akaendelea kukunja taulo. Angenigombeza ningelala vizuri zaidi.

Ijumaa, 16 Agosti

Hospitali. Tunasubiri. Mama amelala kwenye kitanda cha magurudumu, pazia limevutwa nusu. Jicho la kushoto limefumba kabisa, la kulia limebaki mstari. Ana homa. Muuguzi amemfunga mikono kwa bandeji na kusema vidonda vimeingia uchafu. Nina shajara mkobani. Nisipoandika nitaanza kulia mbele ya watu.

Ndani ya gari nilimwambia. Kwamba ya dirishani yalikuwa ya Merv, kwamba nilimdanganya, kwamba haya yote ni mimi.

"Nilijua," akasema. "Jumapili ileile nilijua. Nimelala na mtu mwenye harufu ile maisha yangu yote, halafu wewe unataka nisiijue?"

Nikamuuliza mbona alipaka.

"Ulikuwa unanitazama kwa matumaini mno. Nikaona nikupe raha."

Nilikaribia kutoka barabarani. Kisha akasema, kama anayeniambia yamebaki mayai mangapi, kwamba ya Baba aliyaona bandani Jumatatu. Hayapaki tena, ameniheshimu. Anayatia tu kwenye foronya kila akienda kulala. Matone machache, upande wa Baba, halafu analalia upande huo.

Upande wa kushoto.

Sasa hivi muuguzi amerudi na maswali. Kijana mpole. Mama anapaka nini kwenye ngozi? Sabuni, akasema Mama. Mafuta yoyote, manukato? Hapana. Kitu chochote kipya nyumbani, matandiko, mto? Hapana, mwanangu, sisi hatuna mambo mengi.

Akaandika. Akanigeukia mimi, akauliza kama kuna la kuongeza. Mama akanishika mkono kwa wake uliofungwa bandeji. Nikasema nitamwambia daktari mwenyewe, naye akaenda kumwita.

"Usimtaje baba yako," Mama ameniambia.

Nimemwambia bila hivyo hawatajua cha kutibu. Nimemwambia kuhusu jicho.

"Sema ni ya Merv. Sema ni mimi nimezembea. Yeye usimtaje."

Hajaniachia. Anabana kwa nguvu zote, najua anaumia, bandeji imeanza kulowa katikati ya vidole. Naandika kwa mkono mmoja, kitabu kiko pajani. Daktari ni mwanamke, anakuja na karatasi zake, anatabasamu, na amenitazama mimi, si Mama —