Kumbukumbu Si Kitu Kimoja, Baba

Uholanzi, mwezi wa tatu

Kwako Baba mpendwa,

Shikamoo Baba. Shikamoo tena, maana ya kwanza najua imekukuta bado unatafuta mahali pa kukaa. Namwomba wifi akusomee polepole, asiruke hata mstari. Magoti yanasemaje na joto la Kamsamba? Mimi ni mzima, ila baridi ya huku haina adabu, inaingia hadi ndani ya soksi.

Uliwahi kuniuliza kazi yangu ni nini, nikajibu "utafiti", ukacheka ukasema hiyo si kazi, ni jina la kazi. Ulisema kweli. Basi sikiliza. Wataalamu wa akili wako nchi nyingi, na kila mmoja anapima watu kwa namna yake. Huyu akiandika "kumbukumbu" ana maana ya kushika namba kichwani kwa muda mfupi. Yule, kukumbuka harusi ya zamani. Mwingine, mikono inayojua kusuka kamba bila kuambiwa. Kisha wanajumlisha majibu yao, kama mtu anayechanganya mbuzi na ng'ombe akasema ni kundi moja. Sisi tunatengeneza orodha ya pamoja ya kazi za akili, kila kazi na jina lake, ili wote waelewane. Mimi nasoma vipimo vyao, nakiweka kila kimoja kwenye fungu lake. Tunabishana sana. Fungu la "kuzingatia" peke yake lilikula wiki zetu mbili.

Wiki iliyopita nilikosea. Nilichukua kipimo cha kutambua sura za zamani, nikakitupa kwenye fungu moja na cha kusimulia mambo ya jana. Kiongozi wetu, mama mtu mzima, mpole, akanirudishia karatasi. "Aliyeshindwa kusimulia, na kutambua pia ameshindwa? Umeona alivyopimwa, au umedhani?" Nilikuwa nimedhani, Baba, na hapo hapo nikakukumbuka wewe.

Maana kaka Masanja aliponipigia mwaka jana, akasema umemwita kwa jina la marehemu baba mdogo, na kwamba umekaa njiani kumsubiri mgeni tuliyekwisha kumzika, ni mimi, msomi wenu, niliyesema, "Kumbukumbu imekwisha, mwondoeni kwenye ng'ombe." Wakakunyang'anya fimbo kwa neno langu. Naambiwa hukubisha, na hilo ndilo linaloniuma.

Juzi kaka kanisimulia kama kichekesho. Ng'ombe wanaingia zizini jioni, wewe umekaa na uji wako, ukasema, "Yule mwekundu wa pembe iliyovunjika hajaingia." Hukuhesabu. Kwetu nani anahesabu ng'ombe? Unatazama tu, unaona pengo. Kaka akabisha, akaenda, akamkuta amenasa kwenye tope la mto. Alicheka sana kwenye simu. Mimi nilishindwa kucheka.

Nisamehe, Baba. Sisemi hujasahau. Umesahau mengi, na sitakudanganya kwamba yatarudi. Lakini kwa jambo moja lililokutoka, nilikunyang'anya na yale uliyobaki nayo. Kaka, najua unasikiliza hapo, mrudishie Baba fimbo yake. Asiende malishoni peke yake, tembea naye. Ila asubuhi zizini, yeye ndiye aseme nani anaumwa, nani atoke, nani abaki. Ukiona anakosea, niambie mimi kwanza kabla hujamkatiza.

Mama, mwenye kunivumilia tangu tumboni, mpeni shikamoo yangu. Wifi, asante kwa kunikopesha sauti yako. Mzee jirani anayetuletea chumvi ya Ivuna mwambieni namkumbuka. Barua hii inapitia kwa binamu, dukani kwake Tunduma, kisha itapanda lori la mpunga, kwa hiyo ikifika imechakaa msinilaumu.

Nakuja mwezi wa saba. Huenda ukanitazama usilipate jina langu. Usihangaike kulitafuta, Baba. Tangulia tu na ng'ombe, mimi nitafuata nyuma.

Mwanao akupendaye,
Kabula